Alhamisi ya sita

Siku 42 tunazopewa kusajili dhamana ya mkopo wa kampuni ni wiki sita kamili. Hesabu hii naifanya kichwani hata nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, mkono juu umeshika bomba. Hati iliyosainiwa Alhamisi, siku yake ya mwisho ni Alhamisi. Iliyosainiwa Jumatatu, mwisho wake ni Jumatatu. Vijana wote waliopita kwenye meza yetu nimewafundisha hivyo, kwa sababu mtu anaweza kusahau tarehe, lakini ni nadra asahau kuwa ilikuwa Alhamisi, wakili alichelewa, na mteja akaomba tumalize haraka awahi swala ya Alasiri.

Kwa wasioijua kazi yangu: nipo kwenye kitengo cha nyaraka za dhamana katika benki moja hapa Dar es Salaam, mwaka wa 14 huu. Maafisa mikopo ndio wanaotembelea maduka, wanahesabu mzigo stoo na kuandika maombi. Kamati ikishapitisha, jalada linashuka kwetu. Sisi tunahakikisha kuwa nyumba, gari, mashine au mzigo uliotajwa kama dhamana umefungwa kisheria, ili siku mambo yakiharibika benki iwe na cha kushika.

Kama mkopaji ni kampuni, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ile iliyoanza kutumika Machi 2006, inataka maelezo ya dhamana pamoja na hati yenyewe yafike kwa Msajili wa Makampuni, yaani BRELA, ndani ya siku 42 tangu dhamana ilipowekwa. Siku zikipita, dhamana ile haina nguvu mbele ya mfilisi wala mbele ya wadai wengine wa kampuni. Deni halifi. Sheria inasema hata linakuwa la kulipwa papo hapo. Lakini kampuni ikifilisika, wewe uliyetoa mamilioni kwa kutegemea mzigo ule unapanga foleni pamoja na aliyeuza karatasi za ofisini na anayedai kodi ya stoo. Hiyo ndiyo maana ya kukosa kusajili.

Sasa niwaeleze kuhusu Alhamisi moja.

Tarehe 24 Machi 2022, mteja wetu mmoja, mfanyabiashara wa vipuri pale mtaa wa Gerezani, alisaini hati ya dhamana juu ya mali zote za kampuni yake, ile tunayoiita dibencha. Mzee mtulivu, ana maduka mawili na stoo moja, amelipa mikopo miwili ya nyuma bila kusumbua. Walisaini yeye na mwanawe ambaye ni mkurugenzi mwenzake, mbele ya wakili, saa tisa alasiri. Siku yetu ya mwisho ikawa Alhamisi tarehe 5 Mei.

Ukiangalia kwa haraka unaona muda upo. Fungua kalenda ya mwaka ule uone yaliyokuwemo ndani ya wiki hizo sita. Tarehe 7 Aprili, Karume. Tarehe 15, Ijumaa Kuu, na tarehe 18, Jumatatu ya Pasaka. Tarehe 26, Muungano. Mei Mosi ikaangukia Jumapili. Ramadhani ilijaa karibu Aprili nzima, kwa hiyo ofisi nyingi mchana zilipoa mapema, na Idd ikaingia wiki ile ile ya mwisho. Tangu hapo mkopo wowote unaosainiwa mwishoni mwa Machi naupa jicho la pekee. Aprili kwetu ni mwezi mfupi, tofauti na kalenda inavyosema.

Hati ilinifikia mezani Jumatatu tarehe 4 Aprili. Siku 11 zilikuwa zimeshakwenda. Zilikwenda wapi? Kwa wakili zilikaa tatu zikisubiri muhuri. Kwa upande wetu zilisubiri mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya benki, ambaye alikuwa safarini Mwanza. Halafu zikakaa kwenye trei ya mtu mmoja aliyedhani mwenzake ameshazichukua. Hakuna aliyelala kazini. Kila mmoja alikaa nazo siku mbili tatu, na kwa kila mmoja siku mbili tatu si kitu. Hapa ndipo mimi nasema muda wa usajili unapotea. Wengi wanaulinda mwisho wake, wanaanza kukimbia siku ya 38, wakati ulishaliwa katikati, kwenye trei, kabla jalada halijapata mwenyewe.

Tukalipia ushuru wa stempu, ambao nao una saa yake: siku 30 tangu kusainiwa, na hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Hiyo tuliiwahi. Tukaingia kwenye mfumo wa BRELA wa kusajili kwa mtandao, ORS, tukakutana na ukuta. Kampuni ya mzee ilisajiliwa zamani, enzi za majalada ya karatasi, na taarifa zake hazikuwa zimehuishwa kwenye mfumo. Ili kuhuisha unahitaji namba za NIDA za wakurugenzi, namba zao za mlipakodi, anuani, hisa, vyote vilingane. Mtoto wa mzee alikuwa ameshapanda ndege kwenda Uturuki kufuata mzigo. Simu anapokea usiku, karatasi alizisahau dukani, na dukani hakuna anayejua ziko droo gani.

Jumatano tarehe 27 Aprili, siku ya 34, maombi yakaingia. Nilishusha pumzi. Nikaweka tiki kwenye daftari langu.

Kosa langu ni hiyo tiki. Kilichoingia kwenye mfumo ni maombi, na maombi yanaweza kurudishwa. Ijumaa tarehe 29 yalirudishwa yarekebishwe, na taarifa ikaenda kwenye barua pepe ya aliyefungua maombi, yaani karani wa ofisi ya mawakili, kijana aliyekuwa ameshaanza safari ya kwenda kwao Lushoto kusherehekea Idd na wazee wake. Mimi sikufungua mfumo tena wiki ile. Niliufungua Ijumaa tarehe 6 Mei, saa mbili na robo asubuhi, chai bado ya moto. Siku ya 43.

Sababu ya kurudishwa ilikuwa herufi moja. Kwenye rejista ya BRELA jina la kampuni lina neno "Enterprise". Kwenye hati yetu, kila ukurasa, "Enterprises". Ile s ya mwisho.

Nililitoa jalada zima nikaanza kuifuatilia ile s ilikotoka. Muhuri wa mpira wa mzee unayo s, fundi wa mihuri aliichonga hivyo na mzee hajawahi kuona tatizo. Karatasi zake za barua zinayo, zimefuata muhuri. Afisa mikopo aliandika ombi akiangalia karatasi ya barua. Barua ya kukubali mkopo ikafuata ombi, wakili akafuata barua, na mimi nikahakiki hati ya wakili kwa kuilinganisha na barua yetu wenyewe. Vililingana vizuri kabisa. Cheti cha usajili wa kampuni kilikuwa kwenye jalada lile lile, kurasa chache nyuma, hakina s. Nilikuwa nimehakiki kosa dhidi ya nakala ya kosa lile lile.

Siku ile nilienda mwenyewe Gerezani, sikumtuma mtu. Mzee nilimkuta nyuma ya kaunta, kiyoyozi hakifanyi kazi, feni inapuliza karatasi alizozikandamiza kwa beringi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kuna nini, benki wamekuja wenyewe?"

Nikamweleza yote. Kwamba hati ina jina lisilo lake, kwamba muda wa kusajili umepita, kwamba tunaomba yeye na mwanawe wasaini hati mpya, gharama zote juu yetu. Fedha zake alikuwa ameshazipata, mkopo ulitolewa tukiwa na uthibitisho wa kuwasilisha maombi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Binti, pesa nimeshachukua. Ningekuwa mtu mwingine ningesaini?"

Sikuwa na jibu. Kisheria tulikuwa na njia nyingine, unaweza kuomba uongezewe muda, ueleze kilichokuchelewesha, na mara nyingi unapewa bila kugusa haki za waliokutangulia kusajili wakati wewe umelala. Ila hati yenye jina lisilo sahihi haiponi kwa kuongezewa muda. Tulihitaji saini mpya, na saini mpya ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hana tena anachohitaji kutoka kwetu. Kijana wake aliporudi Uturuki wakasaini, Jumatatu tarehe 16 Mei. Tulisajili tarehe 24, siku ya nane. Katikati ya tarehe 5 na tarehe 24 Mei mkopo ule wote ulisimama juu ya uungwana wa mzee mmoja wa Gerezani. Angekuwa na mkopeshaji mwingine aliyesajili dhamana yake ndani ya siku hizo, tungekuwa nyuma yake, na hakuna ambaye angekuwa amefanya ujanja wowote.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila ninachokifanya leo kimetoka kwenye wiki zile.

Nina kaunta buku, la kurasa nyingi, jalada gumu. Vijana wananiambia, "Mama, si tuna Excel?" Tunayo, na ninaitumia. Lakini kompyuta yetu moja ilikuwa imewekwa tarehe za Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma, na mtu akaandika 4/5 akimaanisha tarehe 4 Mei, mashine ikasoma tarehe 5 Aprili, ikamhesabia siku 42 kuanzia hapo. Safu nzima ikawa nyekundu kwa mambo ambayo hayajachelewa, na watu wakazoea kuona nyekundu. Kuzoea nyekundu ni hatari kuliko kutokuwa na rangi kabisa. Kwa hiyo sheria ya meza yetu: mwezi unaandikwa kwa herufi. 4 Mei. Kwenye daftari, kwenye Excel, kwenye barua pepe, juu ya jalada.

Juu ya jalada naandika kwa maka pen nyekundu tarehe tatu: ya kusaini, ya stempu, ya siku 42. Chini yake naandika kwa bluu siku ya 10, ambayo ni ya kwangu mimi. Siku ya 10 maombi yawe yameshaingia. Nikiwahi siku ya 10, yakirudishwa nina wiki nne za kurekebisha. Nikiingiza siku ya 34 kama mwaka ule, kurudishwa mara moja tu kumenimaliza. Na tiki siweki tena kwa maombi yaliyoingia. Tiki inawekwa cheti cha usajili kikiwa mkononi, kimesomwa, jina na namba ya kampuni na kiasi vimelinganishwa. Mpaka hapo kuna duara tupu, na kila siku saa mbili asubuhi naangalia maduara kabla sijafungua barua pepe yoyote.

Kuhesabu naanza na siku ya saini ya mteja. Wapo wanaobisha kuwa siku zianze benki nayo ikishasaini, na wana hoja zao. Mimi sitaki kubishana na mfilisi miaka minne baadaye kuhusu saini ipi ilikamilisha hati. Nachukua tarehe ya mapema zaidi, naishi nayo.

Hapa lazima niseme jambo la penseli, maana najua linafanyika mjini hapa na wanaolifanya wanaona ni busara. Mteja anasaini, lakini sehemu ya tarehe inaachwa wazi, au inaandikwa kwa penseli nyembamba ili baadaye, mambo yakishakaa sawa, ijazwe tarehe inayofaa. Nimeshika hati kama hiyo mkononi. Ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani unaona mfereji wa penseli iliyofutwa, 11, na juu yake wino, 29. Wakili ameshuhudia, mteja anakumbuka siku aliyokuja, risiti ya maegesho ya gari lake ina tarehe, ujumbe wa simu wa afisa mikopo wa "karibu usaini leo" una tarehe. Nilikataa kuipokea. Waliniona mkorofi, na mkuu wangu wa wakati ule aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Hati iliyochelewa inaweza kusainiwa upya mchana kweupe. Hati iliyodanganya tarehe inachafua kila kitu kilichoandikwa ndani yake, hata yaliyo ya kweli, na inamweka wakili, mteja na wewe mwenyewe mahali pabaya.

Ugomvi wangu mkubwa kazini, lakini, uko kwenye kutoa fedha. Siku hizi kwa dibencha sisaini karatasi ya kuruhusu fedha mpaka cheti kitoke. Afisa mikopo anakuja anasimama mlangoni:

"Dada, mteja analia. Kontena liko bandarini, storeji inakimbia. Maombi si umeshaingiza?"

"Nimeingiza jana."

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri cheti, kaka."

Namwelewa kabisa. Storeji ya bandari ni pesa halali ya mteja inayoteketea kila siku, na mteja huyo huyo kesho anaweza kuhamia kwa jirani. Ndiyo maana naona haki ni kumweleza mteja mapema. Nimewaomba maafisa wamwambie siku ya kwanza kabisa, kabla ya kamati, kuwa taarifa za kampuni yake BRELA ziwe zimehuishwa, na asiagize kontena kwa kutegemea tarehe ambayo hatujampa. Waliofanya hivyo wateja wao hawalii. Kampuni ikiwa imehuishwa, jina likiwa sawa na wakurugenzi wakiwa hapa hapa nchini, kazi ya usajili ni nyepesi. Inayokula wiki ni kumtafuta mtu wa tatu anayemiliki hisa chache ambaye hakuna anayejua yuko Dar, Muscat au ameshafariki.

Jukumu la kusajili, kwa sheria, ni la kampuni iliyokopa. Lakini mkopeshaji au yeyote mwenye maslahi anaruhusiwa kusajili na kuidai kampuni ada aliyolipa. Nimekutana na wakopeshaji wadogo, hasa wanaokopeshana kwa kufahamiana, wanaomwachia mkopaji kazi hii kwa sababu "ni yake". Jamani, adhabu ya kutosajili inamwangukia nani kwa uzito? Fanya mwenyewe.

Turudi kwenye majina, kwa sababu naona ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Siku hizi jina la kampuni nalitoa sehemu moja tu: rejista ya BRELA yenyewe, siku hiyo hiyo ninayoandaa nyaraka. Muhuri siuangalii. Karatasi ya barua siiangalii. Namba ya usajili wa kampuni inaandikwa kando ya jina kila mahali, kwa kuwa kampuni inaweza kubadilisha jina ila namba inabaki ile ile. "Ltd" na "Limited", "&" na "and", nafasi kati ya maneno mawili, vyote vinafuata rejista. Kwa watu binafsi ni NIDA dhidi ya hati ya kiwanja. Hamisi kwenye hati, Hamis kwenye kitambulisho. Jina la babu lipo huku, kule halipo. Hivyo vinahitaji kiapo cha majina kabla ya kusaini. Baada ya kusaini unaomba fadhila.

Kusoma namba nilifundishwa na mama mmoja wa Kitanga aliyekuwa bosi wangu wa kwanza. Yeye hakuamini jicho la mtu mmoja. Tulikaa wawili, mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye hati ya asili, mwingine anafuata kwa kidole kwenye nakala mpya, tarakimu moja moja. "Kiwanja namba moja, moja, mbili. Kitalu herufi C." Usiseme mia na kumi na mbili. Mia na kumi na mbili na mia na ishirini na moja, zikisomwa haraka saa kumi jioni, zinafanana. Moja moja mbili na moja mbili moja hazifanani. Kwa namba za chesisi ndiyo kabisa. Zile za herufi na tarakimu 17 hazina kabisa herufi I, O wala Q, ziliondolewa makusudi zisichanganywe na moja na sifuri, kwa hiyo ukikuta mtu ameandika O ndani yake ujue ni sifuri imepotea njia. Magari yaliyotumika kutoka Japani mengi yana namba fupi yenye kistari katikati, na kistari hicho nacho kinaandikwa kama kilivyo.

Rehani ya nyumba ina dunia yake na sitaimaliza hapa. Niseme moja. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kuridhisha kujua kama mkopaji ana mwenza. Karatasi ya kiapo kwamba "sina mke" mimi haiishii kwenye jalada. Namtuma mtu serikali ya mtaa, na mara mbili nimekwenda mwenyewe Tabata, nikakaa kwenye benchi la mtendaji nikauliza. Mara moja nilikuta mke yupo, anauza vitumbua kwenye baraza la nyumba ile ile iliyotakiwa kuwekwa rehani, na hajui lolote.

Kuna kisa cha Marekani ambacho nakisimulia kila ninapopewa vijana wapya. Kule dhamana ya mali zinazohamishika inasajiliwa kwa fomu inayodumu miaka mitano, na kuna fomu nyingine ya kuiondoa. Oktoba 2008 General Motors walikuwa wanamaliza deni moja la kama dola milioni 300. Mawakili wao wakaandaa orodha ya usajili wa kuondolewa. Orodha ikawa na namba tatu. Mbili zilihusu deni lile. Ya tatu ilihusu mkopo mwingine kabisa, wa dola bilioni 1.5, ambao JPMorgan ilikuwa wakala wa wakopeshaji wake. Nyaraka zikazunguka pande zote, mawakili wa huku na wa kule na benki yenyewe, hakuna aliyeistukia namba ya tatu. Ikawasilishwa. Juni 2009 General Motors ikaomba kinga ya ufilisi, na hapo ndipo kosa likaonekana. Benki ikajitetea kuwa haikukusudia kuachia dhamana ile. Mwaka 2015 mahakama ya rufani kule ikasema waliidhinisha fomu ile iwasilishwe, na hiyo inatosha, hata kama hawakuelewa inaondoa nini.

Bilioni moja na nusu, kwa namba moja ambayo hakuna aliyekaa na mwenzake kuisoma kwa sauti.

Kisa kile kilinifanya nianze kuogopa kuondoa dhamana kama ninavyoogopa kuisajili. Mteja akimaliza mkopo anataka hati yake leo, na ana haki. Lakini wengi wana mikopo miwili, mitatu, ya miaka tofauti, dhamana moja imeshikilia miwili. Kwa hiyo ombi la kuondoa likija, naandika kwenye karatasi nyeupe mikopo yote ya mteja upande wa kushoto, dhamana zote upande wa kulia, nachora mistari. Dhamana inayobaki bila mstari hata mmoja unaoishia kwenye deni hai, hiyo ndiyo inatoka. Karatasi hiyo inasainiwa na mtu wa pili na inabaki kwenye jalada. Inachukua dakika kumi.

Mzee wa Gerezani alimaliza mkopo wake mwaka jana. Nilimchorea mistari, ikabaki mmoja tu, wa dibencha ile ya Mei, na deni lake lilikuwa sifuri. Tulipokamilisha kuondoa dhamana BRELA nilimpelekea mwenyewe nakala. Muhuri wake bado una s. Nilimwomba abadilishe, akacheka akasema fundi wake yupo mtaa wa pili. Kwenye jalada lake, ukurasa wa mbele, nimeacha karatasi ya njano kwa atakayelifungua siku akikopa tena: "Jina litoke BRELA. Usiangalie muhuri."